Kumpeleka Somoe Likawage kwa Bushi Mpya za Injini

Mjomba Selemani amekwisha kuisimulia habari hii barazani kwa namna yake, na najua baadhi yenu mliisikia kwake kabla hamjaniuliza mimi. Sasa mnaniuliza mmoja mmoja, sokoni, kwenye simu, hata mbele ya mama: ilikuwaje? Nimechoka kueleza vipande vipande. Naandika yote mara moja, kwa kufuata njia tuliyopita, na atakayeona nimekosea anajua nyumba yetu ilipo.

Kwanza gari lenyewe. Ni lile dogo la marehemu baba, la otomatiki. Kwa muda mrefu lilikuwa na ugonjwa mmoja: ukiweka gia linagonga. Ukienda mbele, ngo! Ukirudi nyuma, ngo! Mkono wa gia unaruka kama mtu aliyeshtuliwa usingizini. Mjomba, ambaye ni kaka yake mama na ndiye msemaji wa kila jambo la nyumba yetu tangu baba afariki, alisema gia boksi imekufa na gari liuzwe. Mimi nikasema ni bushi za injini tu. Injini haielei hewani. Inashikiliwa kwenye bodi ya gari kwa vipande vya mpira, na vya kwetu vilikuwa vimechanika, ndiyo maana kila ukikanyaga mafuta injini inajirusha. Nikaagiza bushi ngumu kutoka Dar, ngumu kuliko zile gari lilizokuja nazo, nikazifunga mwenyewe gereji ya jirani huku fundi ananiuliza kama nina hakika. Sikuwa na hakika. Nina shahada ya uhandisi wa mitambo na bado nikifunga mlango wa nyumba narudi kuusukuma mara mbili.

Ile ngo ikaisha siku hiyo hiyo. Likabaki jambo moja ambalo nililijua tangu mwanzo: bushi ngumu hazimezi mtikisiko kama bushi laini. Injini imetulia mahali pake, lakini mtetemo wake unapita moja kwa moja mpaka kwenye usukani, kwenye viti, kwenye meno ya abiria. Mjomba alipanda, akakaa kidogo, akashuka.

"Sasa ndiyo umeliua," alisema. "Linatetemeka kama lina malaria."

"Mjomba, kutetemeka na kucheza ni vitu viwili."

"Injinia," alisema, kwa ile sauti yake mnayoijua, ya kumwita mtu cheo ambacho hana ajira yake. Halafu akasema ana mteja Nangurukuru.

Mama alitutazama akasema, "Kubalianeni nyinyi wawili, mimi msinitie kati." Basi mimi, ambaye huwa nafikiria mara saba kabla ya kununua vocha, nikasema neno bila kulifikiria hata mara moja. Nilisema: "Tunampeleka Somoe Likawage kwa gari hili. Likisukumwa hata mara moja, uza. Lisiposukumwa, ni langu."

Mjomba alitazama dari kidogo. "Haya. Umesema mwenyewe."

Somoe ni mdogo wangu. Alikuwa ameolewa na Athumani, kijana wa Likawage mwenye shamba la ufuta. Nikaha ilisomwa hapa kwetu Mtanda, Lindi, bwana harusi akatangulia kwao kutengeneza nyumba, na kazi ya kumfikisha bibi harusi ikawa yetu.

Mtanda hadi Mchinga

Tulikuwa wanne. Mimi kwenye usukani, Mjomba pembeni yangu, na nyuma Somoe na kungwi wake, Bi Mwanahawa, mama wa makamo aliyemfunda na ambaye kwa desturi asingemwacha mpaka amkabidhi mlangoni kwa mume. Kwenye buti kulikuwa na magodoro mawili yaliyobanwa kwa kamba, masufuria, na ndoo ya vitu ambavyo Bi Mwanahawa alinikataza kuviuliza.

Nilikuwa nimejiandaa kwa malalamiko yake. Nilikuwa na maelezo tayari, kuanzia mpira hadi mtikisiko. Tulipotoka mjini, Bi Mwanahawa aliguna, akajisogeza, akaegemea kiti.

"Dija."

"Abee, bibi."

"Hiki kiti kinanitetemesha."

"Ndiyo, bibi. Ni kwa sababu bushi za injini nimeweka ngumu, kwa hiyo—"

"Usikipunguze. Kinanikanda kiuno. Nina mwaka mzima natafuta mtu wa kunikanda hapa."

Somoe alicheka ndani ya kanga yake mpaka akakohoa. Mjomba akageukia dirisha.

Mchinga tulisimama kunywa madafu na kula mihogo ya nazi kwa mama mmoja anayepika kando ya barabara. Sikuzima gari. Niliogopa nikizima halitawaka, ingawa hakuna sababu yoyote ya kitaalamu ya kuogopa hivyo. Likaunguruma pale, kioo cha pembeni kikicheza, na mwanamume mmoja aliyekuwa anamenya nazi akaacha panga lake akaja.

"Dada, injini inaondoka hiyo."

"Haiondoki."

"Mimi nakuambia. La shemeji yangu lilianza hivi hivi, hakufika Kilwa."

"Asante, kaka. Hili linafika."

"Wewe ndiye dereva?" Akamtazama Mjomba kwa huruma. "Mzee, umekubali?"

"Mimi mzigo tu," Mjomba alisema, akitafuna muhogo. "Muulize mwenye digrii."

Nilimaliza dafu langu taratibu, kwa makusudi.

Mchinga hadi Kiranjeranje

Hapa ndipo niliposikia mlio. Tik, tik, tik, kila tukipita penye kiraka. Nilizima redio. Nikafungua dirisha. Kichwani tayari nilikuwa nimeona boliti moja ya bushi imelegea, inazunguka taratibu, inadondoka lami, injini inaegemea upande, shafti inachomoka. Nikakumbuka kila boliti niliyokaza. Nikajiuliza ile ya nyuma niliikaza mwisho au niliitwa simu.

Nilisimama kando. Nikatandika kanga chini, nikaingia chini ya gari na spana. Nilizijaribu boliti zote. Hakuna hata moja iliyolegea. Nikazijaribu tena. Malori yalikuwa yanapita na kunipulizia mchanga miguuni.

"Umeona kitu?" Mjomba aliuliza kutoka juu. Sauti yake ilikuwa na matumaini.

"Bado."

"Dija," Bi Mwanahawa aliita. "Ule mlio unaoutafuta, ni ule wa tik tik?"

"Ndiyo, bibi."

"Ni chupa yangu ya chai. Iko chini ya kiti, kifuniko kimekatika. Nilidhani unakwenda haja."

Mjomba alicheka mpaka akavua kofia. Mimi nilitoka chini, nikajipangusa, nikafunga chupa kwa kitambaa, nikaendesha. Sitaki mnionee aibu kwa hilo. Niliangalia boliti zangu mbele ya watu na zote zilikuwa zimekaza. Ni wangapi katika barabara ile wangeweza kusema hivyo?

Kiranjeranje tulikunywa chai nyingine, kwa chupa nyingine, na chapati nzito za kukunja. Pale nilimwambia Mjomba kwamba kuna njia ya kuingilia bara karibu zaidi. Akasema tupite Nangurukuru, huko barabara ni nzuri. Nilijua sababu yake. Nikasema haya, tupite.

Nangurukuru

Mteja alikuwa anatusubiri kwenye mgahawa, jina lake Bwana Nassoro, mtu mnene mwenye heshima, anayenunua magari yaliyochoka na kuyauza tena. Mjomba alikuwa amemwambia gari lina gia boksi mbovu, na uso wa mtu yule ulikuwa umeshapanga namna ya kusikitika.

Nilimsalimia shikamoo. Akaitika marahaba, akazunguka gari, akatikisa kichwa kwenye kila tairi.

"Washa tulisikie linavyogonga," alisema.

Ningeweza kukataa. Ningeweza kusema tuna bibi harusi, tumechelewa. Lakini nilikuwa nimesikia "malaria" na "injini inaondoka" kiasi cha kutosha. Nikafungua boneti, nikaliwasha, nikakanyaga breki kwa nguvu. Nikamwambia, "Weka macho yako kwenye injini, siyo masikio." Nikaingiza gia ya mbele. Nikaingiza rivasi. Mbele. Nyuma. Nikakanyaga mafuta kidogo huku breki imeshika. Injini ilikaa palepale kama imejengewa.

Madereva wa bodaboda walikuwa wamesogea. Mmoja akasema, "Aisee, haichezi."

"Haichezi," nilisema.

Bwana Nassoro aliinama, akachungulia bushi, akagusa moja kwa kidole. Uso wake ukabadilika. Akamvuta Mjomba pembeni, na mimi nikaelewa, nikiwa bado na mguu kwenye breki, kwamba nilikuwa nimefanya ujinga. Alikuwa amekuja kununua gari bovu. Nilikuwa nimemwonyesha zima. Mjomba aliporudi mezani alikula wali na kuku wake kwa furaha sana.

"Kaongeza dau," aliniambia. "Hongera, injinia. Kazi nzuri."

Hesabu ilikuwa rahisi hata kwa mtu asiyependa hesabu: kabla ya hapo, Mjomba alikuwa haamini kama tutafika. Sasa alikuwa ananiombea tukwame.

Nangurukuru hadi Likawage

Tulipoacha lami, Bi Mwanahawa alimfunika Somoe kanga ya pili na kutoa amri. "Kuanzia hapa tuko ardhi ya mumeo. Hukanyagi chini mpaka mlangoni kwake. Kama una haja, ulikuwa na nafasi Nangurukuru."

"Ndiyo, somo," Somoe alimjibu kungwi wake.

Barabara ilikuwa nyekundu, halafu ya kokoto, halafu mabonde ya mchanga ambapo malori ya mbao yamechimba mifereji. Kwenye bonde moja nilichagua mfereji wa kushoto, nikabadilisha mawazo, nikachagua wa kulia, na katikati ya kubadilisha huko mchanga ukatushika. Magurudumu yakazunguka, gari likakaa kitako.

Mjomba alikuwa ameshuka kabla sijaweka breki ya mkono. Nilimwona kwenye kioo akikunja mikono ya shati.

"Nikusukume?"

"Usiguse!"

"Kidogo tu, mwanangu. Nikuegemee tu."

"Mjomba, weka mikono mfukoni! Bi Mwanahawa, mwangalie mikono yake!"

"Namwona," alisema Bi Mwanahawa, ambaye alikuwa ameshuka na kusimama kando, mkono kiunoni. "Selemani, rudi nyuma. Mtoto kasema."

Somoe hakuweza kushuka kupunguza uzito. Alikaa nyuma peke yake na magodoro, ananisomea dua kimyakimya. Nilipunguza upepo kwenye matairi, nikafukua mchanga kwa sahani ya bati. Halafu nikaanza kulibembeza: mbele kidogo, rivasi kidogo, mbele, rivasi. Hakuna kazi inayotesa bushi za injini kama hiyo. Kila ukibadili gia, injini inataka kujipindua upande mmoja, halafu mwingine. Kwa zile bushi za zamani ningesikia ngo kila mara, na labda hapo ndipo zingekatika kabisa. Sasa nilisikia magurudumu tu. Mtetemo ule waliokuwa wanaucheka ulikuwa unapita kwenye usukani na kuniambia gurudumu lipi limeshika na lipi linateleza. Mbele. Rivasi. Mbele, na nikahisi la kulia limeuma, nikaliachia mafuta taratibu, na gari likapanda likatoka.

Nilipiga honi. Nilipiga tena. Nilipiga mpaka Somoe akaniambia basi.

Mjomba alitembea mpaka tulipokuwa, mikono yake bado mfukoni. Alipanda, lakini hakuonekana mtu aliyeshindwa, na hilo lilinisumbua njia nzima. Nilijiuliza anajua nini.

Kuingia Likawage

Tulifika alasiri. Mwanzo wa kijiji wanawake walikuwa wametanda kanga katikati ya barabara, kundi zima, vigelegele vimeanza kabla sijaona nyuso. Nikasimama. Mwanamke mrefu aliyejifunga kilemba cha njano, shangazi yake Athumani, akaja dirishani kwangu.

"Karibuni. Zima gari."

"Tunaendelea mpaka nyumbani, shangazi."

"Mtaendelea. Zima, tulisukume."

Nilidhani sikuelewa. "Halijaharibika. Linakwenda."

Wakacheka wote. Shangazi akanieleza taratibu, kama mtu anavyomweleza mgeni: zamani bibi harusi aliingizwa amebebwa mgongoni, hakanyagi chini. Sasa wanakuja na magari. Basi gari huzimwa hapa, na wanawake wa ukoo wa mume humwingiza kwa mikono yao mpaka mlangoni. Asiyesukumwa, walisema, ni yule ambaye huku hawakumtaka.

Nilimgeukia Mjomba. Alikuwa anakuna ndevu.

"Siwezi kuzima," niliwaambia. Nilisema nitakwenda polepole, nitaweka gia ndogo, watembee pembeni wameshika bodi. Nilisema mengi. Vigelegele vilikuwa vinapungua. Mmoja nyuma akauliza kama bibi harusi analetwa kwa watu au stendi.

Bi Mwanahawa aliniinamia sikioni. "Dija, ukimwingiza kwa mashine leo, ataishi hapa na maneno hayo mpaka azikwe."

"Bibi, gari la baba litauzwa."

Hapo Somoe akazungumza, kwa sauti ndogo, chini ya kanga mbili. "Dada, usizime. Mimi nitashuka nitembee. Wacha waseme." Na nikaona mkono wake wenye hina unashika kitasa cha mlango.

Nikazima.

Ule mtetemo ulipokatika, viti vilitulia na masikio yangu yakawa kama yamefunguliwa. Niliweka gia huru. Wanawake waliweka mikono kwenye boneti, kwenye milango, kwenye buti, na gari likaanza kwenda. Usukani bila injini ni mzito ajabu. Niliuning'inia kwa uzito wangu wote ili tusiingie kwenye mashamba ya watu. Waliimba njia nzima. Somoe alikuwa analia na kucheka. Mjomba aliniinamia kidogo, akasema kwa upole kabisa, "Limesukumwa."

Tulikula pilau, na bada, ule ugali wa muhogo, kwa kisamvu kwa sisi tuliochelewa. Somoe alipokelewa mlangoni na mama mkwe aliyemnyanyua kweli, kwa mikono miwili, akamvusha kizingiti. Nililiona hilo kwa macho yangu.

Likawage hadi Mtanda

Asubuhi Mjomba alikuja nilipokuwa najaza upepo matairi. Alinyoosha mkono.

"Funguo."

"Ulijua, Mjomba? Nilipoweka lile sharti, ulijua?"

"Nani asiyejua? Mke wangu wa kwanza nilimtoa kijiji cha jirani na hapa." Hakuona haya hata kidogo. "Sikukudanganya. Umesema mwenyewe."

Mnanijua. Mimi ndiye ninayerudi dukani kurudisha chenji iliyozidi. Usiku kucha nilikuwa nimelipindua jambo lile: kwamba kusukuma kwa heshima si kusukuma kwa ubovu, kwamba alinificha, kwamba shangazi angeweza kunishuhudia. Nilikuwa na hoja za kujaza daftari. Nilipomwona na mkono umenyooshwa, sikutaka hata moja.

"Nilisema," nikamwambia. "Na limesukumwa, hilo sibishi. Sasa nasema siuzi."

"Kwa hiyo neno lako halina thamani."

"Hilo moja halina. Mengine utayaona."

Alinitazama kama anatafuta mtu mwingine nyuma yangu wa kuzungumza naye. Bi Mwanahawa alikuwa ameshakaa kiti cha mbele, chupa yake mapajani, anasubiri kukandwa. Mjomba akapanda nyuma.

Ningeweza kurudi kwa ile njia nyingine, tusimwone Bwana Nassoro. Nilipita Nangurukuru makusudi. Alikuwa amesimama mbele ya mgahawa. Nikasimama mbele yake, injini inawaka, funguo mahali pake.

"Mjomba, kama una neno naye, shuka mzungumze."

Alishuka. Walizungumza kwa mikono mingi. Bwana Nassoro akaja dirishani.

"Binti, naambiwa lilisukumwa."

"Lilisukumwa."

"Na mlikubaliana."

"Tulikubaliana. Nimekataa."

Alisubiri niongeze kitu. Sikuongeza. Hilo lilikuwa gumu kwangu kuliko mchanga wote. Mwisho akanyanyua mabega, akaondoa mkono kwenye boneti, akamwambia Mjomba watamalizana siku nyingine. Mjomba akasema hapandi gari la mtu asiye na neno, atapanda basi. Nikamshushia begi lake, nikaliweka kivulini, nikamwambia shikamoo kwa heshima zote. Akaitika marahaba kwa mazoea, halafu akakasirika kwamba ameitika. Hivyo ndivyo nilivyomwacha. Kwenye lami, mchana, mabasi yanapita, na mgahawa nyuma yake. Siyo porini kama anavyosimulia.

Mama alikuwa uani tulipofika, anaanua nguo, wingu limejaa upande wa bahari. Mjomba alikuwa ameshampigia simu, niliona usoni. Nilisimama mbele yake na maelezo yangu yote.

"Somoe kapokelewaje?" aliuliza.

"Walimsukuma, mama. Wanawake wote wa kwao."

"Mpaka mlangoni?"

"Mpaka mlangoni. Mkwewe akambeba kuvuka kizingiti."

Alikunja shuka, akaipiga kofi kutoa vumbi. "Na gari?"

"Siuzi."

Matone ya kwanza yalikuwa yanaanguka kwenye bati.

"Basi liingize ndani," alisema, "mvua hiyo."